Kitako Kilichotoka Peke Yake: Kisa cha Ganda Lililokatikia Chemba

Kisa hiki ni cha kweli kwa mambo yake yote ya kiufundi. Nimeondoa majina, kampuni, kitalu cha uwindaji na mwezi wenyewe. Wahusika ni watatu: Mgeni, mwenye bunduki, Bingwa, yaani mwindaji bingwa aliyekuwa akimwongoza, na mimi, fundi wa silaha mwenye leseni hapa Mwanza. Yupo na wa nne, mfuata nyayo wa kambini, ambaye angesikilizwa siku ya kwanza mimi nisingekuwa na la kuandika.

Usuli

Mgeni ni mzee kutoka Marekani. Amewinda miaka mingi na risasi zake hujijazia mwenyewe. Kwao hiyo ni kazi ya kawaida ya jioni, kama huku ziwani mtu anavyokaa mlangoni akiziba matundu ya wavu wake. Anachukua ganda lililokwishapigwa, analirudisha kwenye umbo lake, anaweka fataki mpya, yaani kile kiwashio kidogo cha kitakoni, baruti na kichwa kipya. Hapa kwetu habari ni nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi mtu ruhusa ya kujitengenezea risasi bila leseni, na katika kisa hiki hakuna aliyejaza risasi hata moja Tanzania. Zilikuja zimejazwa tayari, zikiwa na vibali pamoja na bunduki.

Bunduki yenyewe ni ya bolti, yaani komeo la chuma linalovutwa na kusukumwa kwa mkono, ya .375 H&H Magnum. Risasi hii ilitolewa London mwaka 1912 na Holland & Holland, na mpaka leo ndiyo kipimo cha chini kwa wanyama hatari kama nyati katika nchi yetu. Bega la ganda lake limelala sana, kama mteremko wa paa la bati, kwa hiyo haliaminiki kuizuia risasi isizame ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Wabunifu wake wakaweka mkanda wa brasi juu kidogo ya kitako. Mkanda ndio unaogota kwenye ukingo wa chemba. Shika neno hilo, mkanda, maana ndiko shida ilikojificha.

Brasi ya maganda ni shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Risasi inapolipuka, ganda huvimba mpaka likagandamana na kuta za chemba, kisha hurudi nyuma kidogo, kiasi cha kuliwezesha kutoka. Kidogo hicho hakitoshi kulirudisha lilivyokuwa. Kwa hiyo kabla ya kujazwa tena linasukumwa ndani ya dai, kalibu ya chuma kigumu iliyofungwa kwenye presi. Ipo dai inayobana shingo tu ili ishike kichwa kipya, na ipo inayobana ganda zima, ubavu, bega na shingo kwa pamoja. Mgeni alikuwa nazo zote mbili.

Kilichotokea

Siku ya kwanza kambini alipiga tatu kwenye ubao ili kuhakikisha darubini haikusogea safarini. Matundu matatu yangefunikwa na sarafu. Mfuata nyayo aliokota maganda, akaligeuza moja kwenye jua na kumwambia Bingwa kwamba lina pete. Kweli lilikuwa na mstari unaong'aa, mwembamba kama uzi, umelizunguka ganda lote milimita nne hivi juu ya mkanda. Bingwa alilitazama, akadhani ni alama ya dai, akayatia yote mfukoni. Hapo hakuna wa kumlaumu sana. Dai huacha mng'ao mahali hapo hapo hata kwenye ganda zima, na kwa macho tu huwezi kutofautisha.

Siku ya pili, saa sita mchana, walimfikia pundamilia. Mgeni alipiga mara moja, mnyama akaenda hatua chache akaanguka. Kwa mazoea ya mwindaji akavuta bolti na kuisukuma ili aweke ya pili. Bolti ilifunguka laini kabisa. Kitu kiliruka na kuanguka kwenye majani. Risasi ya pili ikaingia nusu, ikakwama.

Mgeni akaisukuma kwa kiganja. Haikwenda. Akaisukuma tena kwa nguvu zaidi.

"Mzee, achia hiyo," Bingwa akamwambia, na akaweka mkono wake juu ya bolti.

Wakaitoa ile risasi nzima, wakamwaga ghala la bunduki, ndipo wakatafuta kilichoruka. Ni mfuata nyayo aliyekiona: kitako cha ganda na mkanda wake, kipande kifupi chenye ukingo uliochongoka, kama kizibo cha soda kilichotengenezwa kwa brasi nene. Sehemu yote iliyobaki, ubavu, bega na shingo, ilikuwa ndani ya chemba. Risasi ya pili ilikuwa ikijaribu kuingia ndani ya ganda la mwenzake.

Ingekuwa nyati aliyejeruhiwa badala ya pundamilia aliyelala, kisa hiki kingeandikwa na mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata walishuka Mwanza kwa barabara ya Lamadi na Magu, bunduki ikiwa na karatasi zake zote, na risasi tano nzima zikiwa kwenye kisanduku chake chenye kufuli. Walifika kwangu alasiri, vumbi mpaka kwenye kope.

Kulitoa ganda

Ndoano ya bolti hushika ukingo wa kitako. Kitako kikiondoka, hakuna cha kushika. Kijana ninayemfundisha kazi alitaka tupitishe tepu ya kukatia nyuzi, tuifunge ndani ya brasi kisha tuvute. Ni njia inayofanya kazi, lakini tepu ni chuma kigumu kuliko chemba. Ikiteleza mara moja imeacha mkwaruzo, na kila ganda litakalopigwa baada ya hapo litajichapa kwenye mkwaruzo huo na kugoma kutoka. Nilimkatalia.

Tulichukua brashi ya nyuzi za shaba ya kusafishia shotigani ya .410, ambayo ni nene kidogo kuliko shingo ya .375. Tukaisukuma kwa fimbo kutoka nyuma, ikapita shingoni mpaka nyuzi zake zikachanua mbele ya mdomo wa ganda. Ukiirudisha, nyuzi zinakunjuka na kung'ang'ania ukingo wa mdomo. Mara ya kwanza iliteleza. Tukatia tone la mafuta ya kulegeza kutu, tukaiacha usiku kucha bunduki ikiwa imeinamishwa. Asubuhi tulivuta mara moja, likatoka zima likilia kama kizibo cha chupa.

Hapo nikafanya kosa langu la kwanza. Kwa furaha niliisafisha chemba kwa pamba na mafuta kabla ya kuimulika na kuipiga picha. Gesi ikivuja pale ganda linapokatika huacha moshi, na jinsi moshi ulivyokaa inakuonyesha ufa ulianzia upande gani. Ushahidi huo niliufuta kwa mkono wangu. Nilipomulika baadaye niliona chuma kisafi bila alama ya kuliwa na gesi, jambo la kushukuru, lakini swali la ufa likabaki hivyo.

Nani mwenye kosa: bunduki, baruti au dai?

Kosa langu la pili lilichukua nusu siku. Nilipoiona bunduki ni ya zamani, mbao zimekwajuka na rangi imefifia, nikaamua moyoni kwamba bolti imelika na imeacha nafasi kubwa nyuma ya kitako. Nikampa Mgeni pole ya bunduki kabla sijaipima. Alinyamaza, lakini nilimwona akiipapasa kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake ana ugonjwa.

Kipimo rasmi cha chemba ya .375 sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni ganda la kiwandani lisilowahi kupigwa, tupu, kutoka kopo langu la vielelezo. Niliitoa pini ya kupigia na kirushio, kile kinacholirusha ganda nje, kwenye bolti ili mkono usikie brasi peke yake. Nikabandika kitakoni utepe ambao kila tabaka lake lina unene wa milimita 0.05. Kwa tabaka moja bolti ilifungika bila kugusa. Kwa mbili ilifungika kwa kusitasita. Kwa tatu ilikataa. Maana yake nafasi ya mkanda ilikuwa kati ya milimita 0.10 na 0.15, na hiyo kwa bunduki ya mkanda si neno. Bunduki ikaachiwa huru, nami nikamwomba radhi mwenyewe.

Baruti haikuchukua muda. Fataki za maganda ya siku ya kwanza zilikuwa na kingo za mviringo, hazikusambaa wala kupasuka, na bolti ilifunguka kwa vidole viwili hata pale ganda lilipokatika. Risasi iliyopitiliza nguvu haifunguki hivyo.

Ikabaki dai. Kwa mtu wa chuma, hapa ndipo palipo na utamu.

Nilimpelekea jirani yangu mwenye mashine ya kukereza kipande cha fimbo ya chuma, nikamwomba anitobolee pete yenye shimo la milimita 10.8. Nikamsisitizia ukingo wa shimo uwe safi. Shingo ya .375 ina unene wa milimita 10.26, na chini ya bega ganda lina 11.38, kwa hiyo pete hiyo inaketi katikati ya bega. Ukishaiketisha, unapima kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, kutoka kitakoni mpaka juu ya pete. Namba yenyewe haina maana yoyote. Tofauti kati ya ganda na ganda ndiyo yenye maana. Ila kuwa mwangalifu na fataki: iliyochomoza hata unywele inaidanganya venia.

Ganda lililopigwa kwenye bunduki hii nililifanya sifuri, kwa sababu lilikwisha kuvimba mpaka kikomo cha chemba. Ganda jipya la kiwandani lilikuwa fupi kwa milimita 0.38. Hilo ni la kawaida kwa risasi za mkanda: viwanda huacha bega mbali kwa kuwa wanautegemea mkanda. Kisha nikapima zile tano nzima za Mgeni. Zote zilikuwa fupi kwa milimita 0.52 au karibu nayo.

Kwa maneno mengine, alikuwa akilirudisha bega nyuma kuliko hata kiwanda. Kila alipojaza, alilisukuma bega zaidi ya nusu milimita. Kila alipopiga, baruti ililirudisha mbele nusu milimita hiyo hiyo. Waya ukiukunja huku na huku mahali pamoja, hukatika. Brasi nayo ni hivyo.

Kuhakikisha, nilichukua ganda moja kati ya yale matatu ya ubao, nikalikata kwa urefu kwa msumeno wa chuma, nikalisawazisha kwa tupa na kumalizia kwa msasa mpaka brasi ikawa kama kioo. Mgeni aliinama juu ya jiliwa, miwani kwenye ncha ya pua. Kitakoni brasi ilikuwa nene na imara, kisha ukuta ukapanda ukipungua taratibu kama inavyopasa, halafu ghafla, milimita nne juu ya mkanda, palikuwa na bonde. Kama kiuno cha nyigu. Maikromita ilisoma 0.4 bondeni, na milimita tatu juu yake 0.9. Ganda hilo lilikuwa limebakiza mlipuko mmoja, pengine miwili.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kama anaweza kulichukua.

Mgeni alifikaje hapo

Tulikaa nje na chai, akanisimulia. Maganda hayo aliyanunua mapya. Baada ya mlipuko wa kwanza alibana shingo tu, kwa hoja nzuri kabisa: ganda likishachukua umbo la chemba, mbona ulivuruge? Mara ya pili bolti ilifungika vizuri. Ya tatu ikaanza kuwa nzito. Hilo nalo ni la kawaida. Brasi hurudi nyuma kidogo kila mara, lakini kila mara inarudi pungufu kuliko mara iliyotangulia, mpaka ganda limejaza chemba yote na bega linasuguana na chuma bolti inapofungwa.

Akaamua kuhamia dai ya ganda zima. Uamuzi sahihi. Alianza kwa tahadhari: akaifunga dai juu juu, akabana ganda moja na kulijaribu kwenye bunduki. Bolti ikawa nzito kuliko mwanzo! Akaiteremsha dai kidogo, akajaribu tena, bado nzito. Akakata tamaa, akarudi kwenye karatasi ya maelekezo iliyokuja na dai: iteremshe mpaka iguse kishikio cha ganda, kile kinacholishika kitako kwenye presi, kisha ongeza robo ya mzunguko. Akafanya hivyo. Bolti ikafungika kama mlango wa friji. Akaridhika, akaifunga nati, hakuigusa tena.

Jambo hilo la bolti kuwa nzito zaidi ndilo lililomponza, na watu wengi hawalijui. Dai ikianza kulishika ganda, kitu cha kwanza inachobana ni ubavu. Bega bado halijaguswa. Brasi iliyominywa ubavuni lazima iende mahali, na njia iliyo wazi ni mbele. Kwa hiyo katikati ya safari ganda linakuwa refu kuliko lilivyotoka kwenye bunduki. Ukiendelea kuteremsha kidogo tu, dai inalikuta bega na kuanza kulirudisha. Ni kama kukamua dawa ya meno kizibo kikiwa hakijafungwa vizuri. Mgeni alisimama pale pale ambapo ganda ni refu kuliko wakati wowote, akadhani njia ya taratibu haifanyi kazi, akaruka mpaka mwisho.

Na ile karatasi haikumdanganya. Anayetengeneza dai hajui chemba yako. Anachojua ni kwamba dai ikigusa kishikio, ganda litaingia kwenye bunduki yoyote ya kipimo hicho, iwe ya nani. Robo ya mzunguko ni ya kuondoa ulegevu wa presi. Ni maelekezo ya kumfaa kila mtu.

Nilimwuliza kama alikuwa akipunguza urefu wa shingo. Alisema ndiyo, kila baada ya kujaza mara mbili ilimbidi akate kurudi kwenye milimita 72.14, kwa kuwa zilikuwa zimekaribia kikomo cha 72.39.

"Ule unga wa brasi unaobaki mezani ukikata," nikamwuliza, "unadhani ulitoka wapi?"

Akatazama lile ganda lililokatwa. Nusu ya jibu ilikuwa pale bondeni.

Maamuzi, na sababu zake

La kwanza na bora lilikuwa la Bingwa porini: kuzuia bolti isilazimishwe. Risasi nzima iliyokwama ndani ya brasi nyingine, pini ikiwa imekazwa nyuma yake, si kitu cha kupiga kwa kiganja. Pia alikihifadhi kitako. Mafundi wenzangu wanajua ni mara ngapi tunaletewa silaha na hadithi, bila kile kipande ambacho kingetuambia kila kitu.

La pili lilileta ubishi. Kambini zilikuwa zimebaki risasi 34. Mgeni, baada ya kusikia kwamba bunduki ni nzima na baruti ni sawa, alipendekeza tuzipime, tuzitenge zenye pete na kutumia zisizo na pete.

"Mzee wangu," Bingwa akamjibu, kwa upole wa mtu anayeujua umri wa anayezungumza naye, "mimi ndiye nitakayesimama pembeni yako nyati akija."

Nami niliungana naye, kwa sababu ya kiufundi. Pete ya nje huonekana mwishoni. Bonde huanza ndani, na ili ulipapase ni lazima ganda liwe tupu. Na risasi iliyojazwa hairudishwi kwenye dai kwa namna yoyote, wala hapa wala kwao. Hakuna aliyeuliza kama tungeweza kuzivunja na kuzijaza upya Mwanza; karatasi za vibali zilikuwa mezani na zilisema kilicholetwa ni nini. Zote 34 zikafungiwa zisitumike, pamoja na zile tano.

La tatu: bunduki yake irudi kambini, lakini ipigwe kwa risasi mpya za kiwandani ambazo Bingwa alikuwa nazo kihalali. Nilitaka aipige tano kwanza kwenye ubao, na maganda yote matano yapapaswe kabla ya kuingia porini. Nilimpa mfuata nyayo spoku ya baiskeli niliyoinoa ncha na kuikunja kama ndoano ya dagaa. Unaiingiza ndani ya ganda, unagusa chini, kisha unaipandisha taratibu ukiisugua ukutani. Ukuta mzima unateleza. Bonde linanasa, na ukishalisikia mara moja husahau kamwe. Nilimwachia na ganda lile la pili la ubao ajifunzie.

Matokeo

Bunduki ilimaliza safari bila tatizo. Nyati alipatikana siku ya tisa, kwa risasi mbili za kiwandani.

Mgeni aliondoka na nusu moja ya ganda lililokatwa na karatasi niliyomwandikia hesabu. Nyuzi za dai hizi ni 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mzima unaishusha dai milimita 1.81. Robo ya mzunguko ni milimita 0.45. Ukiuchukulia mzunguko kama uso wa saa, dakika moja ni milimita 0.03. Kwa bunduki ya bolti bega linatakiwa lirudi nyuma kati ya milimita 0.025 na 0.05 tu kutoka umbo la chemba. Yaani dakika moja au mbili za saa. Yeye alikuwa amelipeleka mbali mara kumi ya hapo.

Baada ya miezi kadhaa aliniandikia. Maganda yote ya zamani aliyaponda kwa nyundo ili yasije yakatumiwa na mtu. Alianza na mapya, akatoa pini na kirushio kwenye bolti, akaiteremsha dai dakika moja moja. Alipofika pale bolti inapokuwa nzito zaidi alicheka peke yake, akaendelea. Kidogo baadaye mpini wa bolti ulishuka wenyewe kwa uzito wake mpaka robo ya mwisho. Akapima kwa pete kama yangu: milimita 0.05. Amekwisha kuyapiga mara nne na waya hainasi.

Uchambuzi

Kilichofeli si dai, na si uamuzi wa kubana ganda zima. Kuna wanaosimulia kisa kama hiki kisha wakasema basi bora kubana shingo tu. Sikubaliani nao. Kwa shabaha za ubaoni, bunduki safi na kivulini, sawa. Kwa mtu anayekwenda kwenye vumbi la Simiyu mwezi wa nane, ganda lililojaza chemba yote ni ahadi ya bolti kugoma saa mbaya. Kubana ganda zima ni sahihi, mradi mwisho wa safari uamuliwe na chemba na si na kishikio.

Mkanda ulichangia kwa namna ya kijanja. Kwa risasi isiyo na mkanda, ukilirudisha bega kupita kiasi, risasi inacheza ndani ya chemba na pengine pini haiifikii fataki sawasawa. Unapata onyo. Hapa mkanda uliishika risasi mahali pake, kila kitu kikawaka, shabaha ikabaki nzuri, na nafasi ya nusu milimita mbele ya bega ikawa inajazwa kimyakimya kwa brasi iliyovutwa kutoka ukutani. Mgeni alikuwa na kundi la matundu matatu linalofunikwa na sarafu, na ganda lenye kiuno cha nyigu, kwa wakati mmoja. Mkanda ni wa kuianzisha risasi mpya. Ganda likishapigwa mara moja, lihesabu kwamba linasimama kwa bega lake.

Nina dukuduku moja na mazoea ya wajazaji, na nilimwambia: kwenda kwa mnyama hatari na ganda la mlipuko wa saba ni ubahili usiolingana na gharama ya tiketi ya ndege. Kwa ubao, litumie mpaka lichoke. Kwa nyati, brasi mpya au iliyopigwa mara moja, na kila risasi ipitishwe kwenye chemba nyumbani kabla ya kufunga begi.

Kuhusu ulainishaji sina mengi. Ganda lipakwe nta kidogo kabla ya dai, lisije likang'ang'ania humo. Nta ikizidi inalibonyeza bega vishimo. Na ifutwe yote baada ya hapo, kwa kuwa ganda lenye mafuta halishiki ukuta wa chemba na linaisukuma bolti kwa nguvu zaidi. Mgeni hayo yote alikuwa akiyafanya vizuri.

Upande wangu, nilihukumu bunduki kwa sura na nikafuta moshi kabla ya kuusoma. Siku hizi kijana ana amri: hakuna pamba kuingia chemba kabla ya picha.

Na onyo lilikuwepo tangu siku ya kwanza, likasemwa kwa sauti, kwa Kiswahili, na mtu mwenye macho kuliko sisi wote. Lilikosa tu kifaa cha kulithibitisha, kitu cha thamani ya spoku moja.

Mwaka uliofuata Bingwa alipita karakana akielekea kambini. Mfuata nyayo alikuwa naye, ile spoku ikining'inia kwenye funguo zake. Alitoa mfukoni ganda moja la mgeni mwingine, la .300, akaniwekea mezani bila maneno. Kwa nje lilikuwa safi, hakuna pete wala mng'ao. Nikachukua waya yangu, nikaipandisha taratibu. Milimita chache juu ya mkanda ikanasa.

"Huyu tumemwambia," akasema.